Nilitafsiri aleji mara mbili, na mara mbili nikakosea

Nimekuwa mkalimani wa aleji mara mbili maishani. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa, mara ya pili ishirini na mbili. Mara zote nilichapa, na mara zote aliyelipa ni mtu mmoja: binamu yangu, ambaye hapa Tarbaj mnamjua kama Loos.

Kwa wale hamsikii Kisomali, loos ni njugu. Jina lake la ukweli naliweka kando. Sisi tukikupa naanays imekushika mpaka uzeeni, na haiangalii hisia zako. Ukichechemea unaitwa hivyo, ukiwa na meno makubwa unaitwa hivyo, na yeye akaitwa kile kitu kinaweza kumuua. Watu wakimwita sokoni wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Wasee, skizeni hii stori polepole, ju mwisho wake ni Msumbiji na mwanzo wake ni boma la habaryar, mama yangu mdogo.

Mwaka ni 2011. Kama uko rika langu na umelelewa huku juu, huo mwaka hauhitaji maelezo. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, ng'ambo ya mpaka Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa mwezi wa Julai, na huku Wajir watoto walikuwa wanapimwa mkono na ule utepe wa rangi tatu. Kijani, sawa. Manjano, angalia. Nyekundu, unapewa paketi za Plumpy'Nut. Mdogo wake Loos alikuwa nyekundu.

Zile paketi ni za watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini niambie, kwenye boma lenye watoto saba wenye njaa, kitu kitamu kama peremende kinabaki cha mtoto mmoja kivipi? Tuliiba. Mimi niliiba mara nyingi, na sioni haya kusema. Loos aliiba mara moja tu.

Midomo ilifura kwanza. Halafu macho yakafunga. Halafu akaanza kupumua na ile sauti ya mbuzi mgonjwa. Alipakiwa kwa pikipiki ya jirani, habaryar nyuma, mimi katikati, ju nilikuwa mdogo na nilikuwa najua Kiswahili cha shule. Nesi alikuwa mtu wa Machakos. Kisomali chake kilikuwa salamu na "kaalay". Kiswahili cha habaryar kilikuwa cha soko: bei gani, punguza, asante. Nesi alidunga sindano kwa paja, Loos akaanza kurudi, na wote wawili wakageuka kuniangalia.

"Mwambie mama huyu mtoto ana aleji ya njugu. Asile njugu tena maisha yake yote."

Nikamwambia habaryar: "Xasaasiyad ayuu qabaa." Ana xasaasiyad.

Habaryar akatulia kabisa. Hata akatabasamu. Kwani nani hana xasaasiyad? Upepo wa kiangazi ukileta vumbi, nusu ya mtaa inapiga chafya, tunaita xasaasiyad. Ngozi ikiwasha, xasaasiyad. Macho mekundu, xasaasiyad. Ni neno lilitoka kwa Kiarabu na ni neno sahihi, daktari wa Mogadishu angelitumia hilohilo. Shida ni kwamba tumelipakia mizigo midogo mingi hadi ule mzigo mkubwa, wa mtu kufungwa koo akafa, ukaanguka njiani bila mtu kugundua.

Na ile sehemu ya njugu? Nadhani niliisema. Kwa sauti ndogo, mwishoni, wakati habaryar tayari alikuwa anamvisha mtoto viatu. Yeye alichobeba nyumbani ni kwamba ile paketi ya Wazungu ni mbaya. Ayeeyo akaongeza kwamba ni jicho. Karibu paketi itupwe yote, na yule mdogo aliyeihitaji angekufa kwa sababu ya tafsiri yangu.

Hapa nisimamishe kidogo kabla mtu hajanielewa vibaya. Plumpy'Nut ilitengenezwa Ufaransa mwaka wa 1996, na ndani kuna njugu zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Paketi moja ni gramu 92 na kalori 500. Imeokoa watoto wengi kuliko hotuba yoyote ya mwanasiasa. Yule mdogo wa Loos saa hii amenipita urefu na ananidharau kwa mpira. Mama, mtoto wako akipewa, mpe. Akifura mdomo au akikosa pumzi, kimbia kituo na useme neno njugu kabla ya neno lingine lolote.

Sisi hatukusema hilo neno. Kwa hiyo miaka miwili baadaye, kwenye harusi, Loos akala xalwo. Wapishi wetu wengi wanaweka loos ndani ya xalwo, unajua ile ukiitafuna inafanya kru. Akafura tena. Hiyo siku ndiyo boma lote lilielewa, na hiyo siku ndiyo akapewa jina. Ilibidi mtoto akaribie kufa mara mbili ndipo sentensi moja ya nesi ifike.

Sasa twende kwa Kiswahili, ju nyinyi watu wa Nairobi msidhani Kisomali peke yake ndicho kina shida.

Kiswahili sanifu kina neno mzio. Nimelisikia kwa redio na nimelisoma kwa vitabu. Huku Wajir sijawahi kusikia mtu wa umri wangu akilisema mdomoni, tunasema aleji tu. Nilipofuatilia maana yake ya zamani ndipo nikashtuka: mzio ni chakula ambacho mtu anajiepusha nacho, kwa sababu kinamdhuru au kwa sababu ya mila ya ukoo. Yaani ni jirani wa mwiko. Na mimi nadhani huo ndio mzizi wa tatizo lote. Watu wakisikia aleji, kwa lugha yoyote ile, masikio yao yanasikia mwiko.

Ona vile sisi wenyewe tunaongea. "Mimi sili njugu." Hiyo sentensi inasema nini? Inasema nimeamua. Wazee wengi wa huku hawali samaki. Ukiwapikia samaki wanakunja uso, wanasukuma sahani, basi, hakuna mtu anapelekwa hospitali. Kwa hiyo Loos akisema "mimi sili njugu," mwenyeji anamweka kwa kikapu kimoja na mzee wa samaki. Anaambiwa jaribu kidogo. Anaambiwa hii ni kidogo tu, haitakufanya kitu. Anaambiwa wewe umekuwa Mzungu lini?

Mwiko una mlango wa nyuma. Hata haramu, dini yetu inasema ukiwa katika dharura ya kufa na njaa unaruhusiwa kula kiasi cha kukuokoa. Aleji haina dharura. Mwili wa Loos hausikilizi fatwa, hausikilizi adabu, hausikilizi shangazi aliyeamka saa kumi kupika.

Sasa, Msumbiji.

Mwaka wa 2024 Loos alipata nafasi ya kwenda Nampula. Kuna ndugu wa upande wa baba yake ana duka huko, na Wasomali wako wengi wa biashara hiyo sehemu ya kaskazini ya Msumbiji. Akapitia Tanzania, na shida ikaanza kabla hajafika hata kwa Wareno.

Mtwara, kibanda cha chakula. Loos, na Kiswahili chake cha Wajir, anamwambia mama wa pale: "Mama, mimi nina aleji ya njugu." Mama anasema usijali mwanangu, hapa hatupiki njugu kabisa. Analetewa mchicha. Loos ni mtu wa kunusa chakula kabla ya kula, tabia ambayo watu wanaona ni ya ajabu, na hiyo tabia ilimwokoa. Mchicha ulikuwa umeungwa karanga.

Mama hakudanganya! Kenya tunasema njugu kumaanisha karanga. Tanzania, ukisema njugu, mtu anafikiria njugu mawe, zile za mviringo ngumu zinazochemshwa. Karanga ni kitu kingine kwake. Lugha moja, Kiswahili hichohicho tunachojivunia ati kinaunganisha Afrika Mashariki, na neno moja likahama maana kati ya Namanga na Mtwara. Loos alinipigia akicheka. Mimi nilipaswa kujifunza hapo. Sikujifunza.

Badala yake nikamwambia, usijali, hii ya Kireno nitakutengenezea mimi. Mimi ndiye msomi wa familia, unaona. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilinishinda na mimi pia nikashindwa, lakini kwa familia yetu miaka miwili ya chuo bado ni cheo. Nikikosa digrii, angalau nina simu na bando.

Nikafungua programu ya kutafsiri. Nikajiambia Kiingereza itakielewa kuliko Kiswahili, kwa hiyo nikaandika kwa Kiingereza, na nikaandika neno la jumla la Kiingereza linalobeba njugu, korosho, lozi na ndugu zao wote. Programu ikanipa: "Sou alérgico a nozes." Nikaiweka kwa picha nzuri. Nikaongeza "Obrigado" chini, asante, ju sisi ni watu wa adabu. Nikaweka bendera ya Ureno kwa pembe, ya Ureno, kwa mtu anayeenda Msumbiji, nchi iliyopigana nao hadi ikapata uhuru 1975. Nikaweka nembo ya ukurasa wangu pia. Manze, nikiiangalia hiyo picha leo nataka ardhi inimeze.

Loos akafika Nampula. Siku ya tatu akaingia mkahawa mdogo karibu na soko. Mwenyewe alikuwa mzee amevaa kofia, Mwislamu, hiyo sehemu ina Waislamu wengi. Loos akatoa simu akaonyesha picha. Mzee akasoma polepole, akatikisa kichwa. "Não tem nozes." Hakuna nozes. Halafu akamwangalia Loos vizuri, akaona msafiri Mwislamu aliye na wasiwasi na chakula, akadhani ameelewa shida iko wapi. Akacheka kwa upole, akasema halal, halal, não tem porco. Hakuna nguruwe.

Ule mwiko tena. Nchi tofauti, lugha tofauti, sikio lilelile.

Akaletewa xima, ambayo ni ugali, na matapa. Matapa ni kisamvu: majani ya muhogo yaliyotwangwa, yanapikwa na tui la nazi na unga wa karanga. Rangi ni kijani, huoni karanga hata moja, na tui linafunika harufu. Hii haikuwa bahati mbaya ya mkahawa mmoja. Karanga iko katikati ya mapishi ya Msumbiji, wana hadi mchuzi mzima unaitwa caril de amendoim.

Amendoim. Hilo ndilo neno. Karanga kwa Kireno ni amendoim. Nozes ni zile kokwa za kwenye miti, na mtu wa kawaida akisikia nozes anafikiria kitu cha dukani cha bei ghali, kinachokuja kwa pakiti. Nani anaweka hiyo kwa matapa? Mzee alijibu ukweli mtupu. Kila neno alilosema lilikuwa sahihi. Mimi nikiwa Tarbaj, nimeketi kwa kivuli, ndiye niliyeweka karanga kwa hiyo sahani.

Tonge tatu. Aliniambia alijua kwenye la tatu, ulimi ulipoanza kuwasha. Alikuwa na Piriton mfukoni, akameza mbili. Na hapa wasee nawaomba mnisikie: Piriton inasaidia ngozi kuwasha, haifungui koo. Kinachofungua koo ni sindano ya adrenalini, kwa msuli wa paja, haraka. Wengi wetu huku tunaamini tembe ya manjano inatosha, tunakaa kungojea, na kungojea ndiko kunaua.

Mwenye mkahawa alipomwona anafura alitupa kitambaa chini akakimbia barabarani kusimamisha gari. Hospitali hawakuuliza kadi. Uso uliofura unaongea lugha zote. Walimdunga, wakamlaza usiku mzima, kwa sababu hii kitu inaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata kama umejisikia poa.

Asubuhi nikapata ujumbe wa sauti. Sauti imekwaruza kama ya mzee wa miaka tisini. Maneno manne tu.

"Warya, nozes ni nini?"

Sikujibu siku nzima. Sikuwa na la kujibu.

Baada ya hapo nilifanya kile nilipaswa kufanya mwanzoni, nikauliza mtu. Kuna dada mmoja wa Beira anafuata ukurasa wangu, sijui hata alinipataje, ananiandikia kwa Kiingereza. Nikamtumia ile picha. Kwanza alicheka bendera. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia umeandika kama mtu anayejitambulisha kwenye mkutano. Hukumwambia mpishi chochote cha kufanya.

Hiyo ilinigonga. Alikuwa sawa. "Mimi nina aleji" ni kujitambulisha tu, ni jina la hali yako, na jina hilo mpishi anaweza kulijaza na chochote alicho nacho kichwani: chafya, dini, maringo, mwiko. Mpishi hahitaji jina la ugonjwa wako. Anahitaji kujua kitu gani hasa, kiasi gani, kitatokea nini, na yeye afanye nini. Tuliandika upya pamoja, na nitawapa hapa kama ilivyo, ju najua kuna wengine wenu mna ndugu Maputo, na wengine mnaota Lisbon.

"Não posso comer amendoim. Nem um bocadinho." Siwezi kula karanga. Hata kidogo sana. Unasoma karibu hivi: naun posu komer amenduim, neng um bokadinyu. Ile "ão" inapitia puani.

"Se eu comer, a minha garganta fecha e posso morrer." Nikila, koo langu linafunga na naweza kufa. Hii ndiyo sentensi watu wanaogopa kusema, wanaona ni kama kutisha mwenyeji. Itishe. Dada wa Beira alisema hapa ndipo mpishi anaweka mwiko chini na kukuangalia.

"Esta comida tem amendoim? Farinha de amendoim? Óleo de amendoim?" Hiki chakula kina karanga? Unga wa karanga? Mafuta ya karanga? Uliza zote tatu, kwa sababu mtu anaweza kuapa hakuna karanga huku anamimina unga wake.

"Não é religião. É doença." Si dini. Ni ugonjwa. Hii niliomba mimi iwekwe, kwa heshima ya yule mzee wa kofia.

"Se eu ficar inchado, leve-me ao hospital, já." Nikifura, nipelekeni hospitali, sasa hivi. Loos akiwa anafura hataweza kuongea, kwa hiyo haya maneno lazima yawe yameshasemwa kabla ya sahani kufika.

Ukiwa msichana na unataka kutumia lile neno lenyewe la aleji, unasema alérgica, si alérgico. Na kama unakwepa kitu kingine: maziwa ni leite, yai ni ovo, samaki ni peixe, kamba ni camarão, ngano ni trigo, simsim ni gergelim, ingawa Ureno kwenyewe utasikia pia sésamo. Usiseme njugu kwa Msumbiji hata ukikutana na msee wa Kiswahili kule pwani ya kaskazini. Wana kitu wanakiita feijão jugo, na ni zilezile njugu mawe za Mtwara, zilizotuchezea mara ya kwanza.

Jambo la mwisho dada aliniambia ndilo lilinishangaza: pale Nampula sokoni watu wengi lugha yao ni Kimakhuwa, na si kila mpishi anasoma Kireno. Kwa hiyo chini ya maneno tukaweka picha ya karanga, moja kwa ganda, moja imemenywa, moja imesagwa, zote na alama nyekundu ya kukata. Bendera nilitoa. Nembo yangu pia.

Kuna kitu kinachekesha hapa, kama una roho ya kucheka. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, na meli za Wareno ndizo zinazotajwa kuileta Afrika. Haohao waliokaa Mombasa wakajenga Fort Jesus kuanzia 1593 na kufukuzwa 1698, wakatuachia meza, bendera, leso, nanasi, gereza na karata. Tunaongea Kireno kila siku bila kujua. Lile neno moja ambalo lingetusaidia, tukalikosa.

Msidhani ukijua lugha vizuri shida imeisha. Mwaka wa 2016, msichana wa Uingereza wa miaka kumi na mitano, Natasha Ednan-Laperouse, alikufa baada ya kula mkate uliokuwa na simsim ndani ya unga. Kiingereza ni lugha yake. Alisoma karatasi ya nje. Simsim haikuandikwa kwa sababu sheria ya wakati huo haikulazimisha. Wazazi wake walipigana hadi sheria ikabadilika, ikaanza Oktoba 2021, na inaitwa kwa jina lake. Ureno, kama nchi za Umoja wa Ulaya, mkahawa unalazimika kisheria kukuambia kuhusu vitu kumi na vinne vinavyoleta aleji, na karanga ni mojawapo. Kwa hiyo Lisbon una sheria nyuma yako. Nampula na Tarbaj una mdomo wako tu.

Na mdomo wetu umefungwa na aibu. Hii ndiyo sehemu nimekuwa nikizunguka tangu nianze kuandika.

Loos anaweza kumwambia Mreno asiyemjua kwamba atakufa. Nyumbani hawezi. Hapa ukikaribishwa chakula na ukauliza kuna nini ndani, umemtusi mwenye nyumba. Umesema humwamini. Nimemwona Loos akikaa mbele ya sahani ya pilau kwa shangazi, akijifanya amefunga Jumatatu ili asiulize ni mafuta gani, kwa sababu kuna wanaopikia ya njugu. Saumu ya uongo. Anaona heri Mungu amsamehe kuliko shangazi aseme ana maringo.

Najua mtakayosema kwa maoni. Wewe si daktari, hata chuo hukumaliza. Kweli. Lakini sijawaambia mfanye dawa, nawaambia mfanye sentensi. Na kuna yule ataandika kwamba hizi aleji ni za Wazungu, sisi wafugaji tumekunywa maziwa ya ngamia tangu Adam. Boss, Loos amekunywa maziwa ya ngamia tangu Adam pia. Haikumsaidia na njugu. Kuna mwingine atasema maziwa ya dukani yanamletea gesi kwa hiyo naye ana aleji. Hapana, huko ni tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa, utakosa raha na utakimbia choo, lakini koo lako halifungi. Ukiyachanganya hayo mawili mdomoni, unamharibia Loos. Mwenyeji atamkumbuka mtu wa gesi na kusema, ah, huyu naye.

Mimi nilianza na habaryar. Miaka kumi na tatu baada ya ile siku ya nesi, nilikaa naye chini na kumtafsiria upya, neno kwa neno, kile nilichoambiwa nikiwa na miaka tisa. Sikutumia xasaasiyad hata mara moja. Nilimwambia kwa Kisomali: kijana wako akila loos, koo linafunga, anakufa. Hata ikiwa imesagwa. Hata kijiko kikiwa kimegusa.

Akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Huyo nesi alisema kijiko?"

Nikamwambia hapana, kijiko nimeongeza mimi, nimesoma. Akasema ningekuwa nimejua ya kijiko ningekuwa nimemtengea chake zamani.

Loos alirudi likizo Idd ya mwaka huu. Kule Nampula, kumbe, yule mzee wa kofia naye amempa jina. Akiingia tu mkahawani anapigiwa kelele kutoka jikoni: Senhor Amendoim! Na sufuria yake inaoshwa upya mbele ya macho yake. Amesafiri nchi mbili kukimbia naanays, ikamfuata na viza.

Siku ya Idd habaryar alipika xalwo sinia mbili. Moja kubwa, ya watu. Moja ndogo, imefunikwa na kitambaa cha kijani, kwa chumba cha ndani ambako watoto hawafiki. Akaileta mwenyewe, akaiweka mbele ya Loos, akasema hii haina.

Wageni walikuwa wamejaa. Ayeeyo alikuwa pale, na shangazi wa pilau pia. Loos akaangalia sinia. Akaniangalia mimi. Nikaona koo lake linapanda na kushuka, na haikuwa aleji.

"Hooyo," akasema, "na kijiko?"

Habaryar akaingiza mkono kwenye mfuko wa diraa, akatoa kijiko kimefungwa kwa karatasi.